Sahani Iliyofunikwa: Amina Tatu za Bi Hamida

Tulimwacha Bi Hamida mikono juu.

Wewe uliyekosa gazeti la wiki jana usihangaike, nitakupitisha mbio mbio. Mzee Abdulwahab, Mshihiri wa Yemeni aliyeingia Kilwa Masoko na mke mmoja na birika moja la kahawa, akafungua hoteli karibu na stendi, akalisha watu miaka thelathini, akachimba kisima Mitole, akaezeka zahanati ya wamisheni kule Kipatimu, amefariki. Siku ya arobaini yake, mwanawe Majid alishika kipaza sauti akaitangaza rasmi Taasisi yake, aliyoianza hata kabla ya arobaini. Sheikh Twalib akaomba dua. Bi Hamida, mpishi wa hoteli ile tangu Majid anatambaa, akainua mikono kama kila mtu, akaitikia amina.

Mara tatu. Kwa sauti.

Tatizo ni kwamba alikuwa hasikilizi. Mwili ulikuwa kwenye dua, akili ilikuwa jikoni, kwa sababu makaa ya juu ya mfuniko wa pilau aliyaona yamezidi. Alijua tu kwamba anaombewa marehemu. Dua ya arobaini ataombewa nani mwingine?

Alipoteremsha mikono, shoga yake wa ubavuni akamkumbatia.

"Hongera, Hamida! Kumbe umetoa kiwanja chako!"

Hapo ndipo gazeti lilipoisha. Sasa shika kikombe chako vizuri tuendelee.

"Nimetoa nini?"

"Kiwanja. Cha pale unapokaa, mkabala na nyumba mpya ya Majid. Umekitoa wakfu, ujengwe ukumbi wa marehemu. Sheikh kakuombea kwa jina, na wewe mwenyewe umeitikia. Tena umeitikia kutushinda wote."

Bi Hamida akacheka. Akatazama kushoto na kulia, akitafuta nani mwingine anacheka. Hakuna. Watu walikuwa wanamwangalia kwa macho ya huruma na heshima, yale macho anayotazamwa nayo mtu anayekwenda Makka.

Mara Majid huyo, mikono wazi, mpiga picha nyuma yake.

"Maza! Umetuheshimisha."

"Majid, mwanangu, hapa kuna kosa..."

"Usiseme kitu, Maza. Utaniliza."

Na akalia kweli. Alilia kidogo, upande uliokuwa na kamera.

Bi Hamida akafungua mdomo aseme yake. Puani ikamfikia harufu. Pilau inaungua! Akakusanya kanga yake, akatimua mbio jikoni. Na alipotoka huko alikuwa hana pilau wala kiwanja.

*

Asubuhi yake hajapiga mswaki, mlango unagongwa.

"Hodi, mama mfadhili!"

Walikuwa viongozi wa timu ya mpira. Wanaomba jezi. Walipoondoka akaja mama mmoja, anaomba bati sita, jiko lake linavuja. Baada yake akaja mwalimu na barua yenye mhuri, shule inamwomba akawe mgeni rasmi.

"Mwalimu," Bi Hamida akamwambia, "mimi kwangu hapa nalaza ndoo mbili sebuleni mvua ikinyesha."

Mwalimu akatabasamu. "Ndivyo walivyo wafadhili wa kweli, mama. Hawajipendi."

Bi Hamida akafunga mlango, akaenda moja kwa moja kwenye sanduku. Alijiambia, maneno ni upepo, karatasi ndiyo kiwanja. Karatasi ninayo mimi, imefungwa kwenye kitenge cha harusi, chini kabisa. Akatoa vitenge. Akatoa doti za kanga. Akatoa kitenge cha harusi, akakikung'uta.

Kilidondosha nondo aliyekufa.

"Mwanaidi!"

Mwanaidi, binti yake wa miaka ishirini na miwili, alikuwa mlangoni amekwishavaa fulana ya Taasisi. Mbele ya fulana ile kulikuwa na picha ya marehemu, ndogo, na picha ya Majid, kubwa kidogo.

"Abee, mama."

"Karatasi ya kiwanja iko wapi?"

Mwanaidi akaangalia vidole vya miguu.

"Majid aliniambia wanataka kuitolea kopi tu. Wanaandikisha marafiki wa Taasisi."

"Akakurudishia?"

"Kopi alinirudishia."

Mama mwenzangu unayesoma hapa, nikwambie kitu bure. Karatasi ya kiwanja haiwekwi kwenye vitenge ambavyo mtoto anajua vilipo. Na mtoto akirudi kazini siku ya kwanza amepewa cheo kabla hajapewa kiti, muulize ametoa nini. Mwanaidi alipewa ukatibu wa Taasisi. Bi Hamida alifurahi, akapiga vigelegele, akagawa kashata mtaa mzima. Hakuuliza.

"Mama, usinune," Mwanaidi akasema kwa sauti ya chini. "Ukumbi wataandika jina lako."

"Wapi?"

"Kwenye jiwe. Chini ya jina la Majid."

"Na mimi nitalala wapi? Chini ya jiwe?"

*

Akaenda kwa Sheikh Twalib. Sheikh ni mtu mwema, mwenye elimu, na ambaye kwa miaka ishirini alikuwa anakula biriani ya Ijumaa kwa Mshihiri bila kuonyeshwa bei.

"Sheikh, shikamoo. Wakfu unatolewa bila mtu kujua kama anatoa?"

"Marahaba. Hasha. Wakfu ni nia. Hukunuia, hukutoa."

"Alhamdulillahi! Basi waambie watu."

Sheikh akakohoa. Akarekebisha kofia. Akakohoa tena.

"Bi Hamida, kisheria hujatoa. Lakini watu walileta takbiri. Mkuu wa wilaya alipiga makofi. Mimi mwenyewe nimekuombea pepo ya juu. Nikapande mimbari niseme pepo ile irudishwe?"

"Wewe nani alikwambia nimetoa?"

"Majid. Alisema umeona haya kutangaza mwenyewe."

"Na wewe ukaona haya kuniuliza."

"Hapo," Sheikh akasema, "umenishika."

Bi Hamida akaenda kazini, maana mwenye msiba wa kiwanja naye anapika. Ilikuwa Jumatano, siku ambayo Klementi wa Kipatimu hushusha machungwa na Fuso yake nyuma ya hoteli. Klementi ni Mmatumbi, Mkatoliki wa kengele zote, na marehemu Abdulwahab alikuwa mtani wake. Walitukanana kila Jumatano kwa miaka ishirini. Siku ya mazishi Klementi alishika jeneza akakataa liende mpaka alipwe embe zilizooza za mwaka ule. Watu walicheka makaburini huku wanalia.

"Mfadhili!" Klementi akamwita kutoka juu ya tela. "Nami nimegee kipande, nijenge banda la nguruwe."

"Astaghafirullahi, Klementi! Niache nina yangu."

Akamsimulia. Klementi akashuka, akakaa juu ya gunia.

"Subiri kwanza. Mimi siku ile nilikuwepo?"

"Ulikuwepo."

"Niliitikia amina?"

"Uliitikia, nilikusikia."

"Basi na mimi nimekitoa kiwanja chako. Na mkuu wa wilaya kakitoa. Na yule muuza karanga kakitoa. Hamida, kiwanja kimoja tumekitoa watu mia tatu. Majid bado anatudai viwanja mia mbili tisini na tisa!"

Akacheka peke yake mpaka akapaliwa. Kisha akaacha kucheka.

"Mke wangu alijifungua hapa," akasema, akionyesha stoo ya mchele kwa kidole. "Unakumbuka?"

Asahau vipi? Yeye ndiye aliyechemsha maji. Mke wa Klementi aliletwa na Fuso kutoka Kipatimu, mvua imekata barabara, wamelala njiani usiku kucha, wamefika Masoko hospitali iko kule na mtoto yuko hapa. Natalia alizaliwa katikati ya magunia. Bi Maimuna, mke wa marehemu, alimfunga mtoto kwenye kitambaa cha meza, akaapa kwamba siku moja atajenga nyumba pale pale mjini, wanawake wa milimani waje mapema wangojee siku zao wamelala.

Aliapa. Maisha yakaenda. Kikaja kisima, ikaja zahanati, yakaja madawati. Halafu akaja Majid kutoka Dar na rangi.

Rangi, ndiyo. Kazi ya kwanza ya Taasisi ilikuwa kuzindua kisima cha Mitole, kisima kilichotoa maji miaka kumi na minane bila kuzinduliwa na mtu. Majid alikipaka rangi ya bluu, mpini mpaka mguu, akaandika "Kwa hisani". Utepe ukakatwa. Watu wa Mitole wakakaa siku tatu hawateki maji, wanangoja rangi ikauke.

*

Bi Maimuna alikuwa eda.

Miezi minne na siku kumi hatoki, haonani na wanaume wasio maharimu wake, amekaa chumba cha juu ya hoteli nyuma ya pazia. Bi Hamida alipanda ngazi, akamwangukia magotini.

"Bi Mkubwa, shikamoo. Umesikia?"

"Marahaba. Kipaza sauti cha Majid hata wafu wanakisikia. Kaa."

"Mwambie anirudishie karatasi yangu."

"Nimemwambia. Ananiambia, 'Mama, wewe uko eda, pumzika.'" Bi Maimuna akasonya, na msonyo wa Mshihiri si mchezo. "Ningekuwa natoka ningemvua ile fulana mbele za watu. Hamida, unajua kwa nini hoteli yetu sahani ya kwanza hutoka imefunikwa?"

Bi Hamida alijua inavyofanyika, hakujua kwa nini. Ndiyo sheria ya jiko lile. Chungu kikiiva, kabla mteja hajauziwa, sahani ya kwanza inapakuliwa, inafunikwa na sahani nyingine, inatoka na kwenda kwa mwenye shida. Haiulizwi inakwenda kwa nani. Anayebeba hatazami, anayepika haulizi. Bi Mkubwa husema tu iwe vipi. Kwa siku hizi zote za eda alikuwa anasema isitiwe pilipili, na ndimu mbili ziwekwe pembeni. Majid mwenyewe huipitia na gari, amwone mgonjwa, anasema. Ndiyo kazi pekee ya Taasisi aliyokuwa anaifanya bila kamera.

"Tulifika hapa mwaka wa vita kwetu," Bi Maimuna akasema. "Siku ya kwanza hatumjui mtu, lugha hatuijui, Majid yuko tumboni ananitapisha. Magharibi ikaja sahani, imefunikwa kwa sahani. Wali na samaki. Mleta hakusema neno, akaweka, akaondoka. Asubuhi mume wangu akauliza nani jirani huyu, nimrudishie chombo. Wakamwambia, hapa kwetu sahani ya jirani hairudi tupu. Basi tukatia maandazi. Kesho yake ikarudi na papai. Hamida, watu wanasema tulikuwa wafadhili. Sisi tulikuwa tunarudisha sahani."

"Sahani ya nani?"

"Ya mama yako. Alitoka nayo nyumba ile ile, kiwanja kile kile anachokitaka mwanangu kwa jina la ukumbi, aegeshe magari ya wageni wake. Majid amezaliwa sahani zimeshajaa, hajui zilitoka wapi."

Mama yake Bi Hamida alikufa hajawahi kulisimulia hilo. Ndiyo maana ya kufunika.

Bi Maimuna akanyanyuka, akaingia ndani, akarudi na sahani. Ya bati, ukingo wa bluu umebanduka banduka. Juu yake imefunikwa nyingine. Nyepesi.

"Hii ni yake, ile ya kwanza. Nenda nayo, na usifunue mpaka ufike kwako. Mume wangu alikuwa anatoa kimya kimya. Lakini wewe, mwanangu, kwa huyu wa sasa, dawa ya moto ni moto."

Bi Hamida alifika kwake, akafunga mlango, akafunua.

Ufunguo.

Mpya, unang'aa, na kipande cha kigae cha bluu kimefungwa kwa uzi. Akachungulia dirishani. Ng'ambo ya barabara nyumba ya Majid ilikuwa imesimama na vigae vyake vya bluu, ghorofa moja, madirisha yamefungwa, bado haijahamiwa, kama alivyokuwa anasema mwenyewe.

Akaufunga ufunguo kwenye pindo la kanga. Akatoka mbio kumuwahi Klementi kabla Fuso haijawashwa.

"Klementi! Ijumaa njoo. Na uje na watu wa Kipatimu, wanaohusika."

"Wanaohusika na nini?"

Alichomjibu utakijua Ijumaa, kama alivyokijua Majid.

*

Ijumaa baada ya swala, turubai lilifungwa kwenye kiwanja cha Bi Hamida, kamba moja imefungwa kwenye nguzo ya nyumba yake mwenyewe. Viti vilivishwa nguo. Yeye hakuvishwa ila alikalishwa mbele. Jiwe la msingi lilikuwa tayari limechongwa, limefunikwa kwa kitambaa. Bi Hamida alipolitazama akawaza kwamba katika vitu vyote ambavyo Majid angefunika, amefunika hilo.

Mwanaidi ndiye aliyeshika kipaza sauti. Hakuwa analala vizuri siku zile, macho yalimvimba. Alitaja waheshimiwa, akamtaja Majid mara nne kama ilivyoandikwa kwenye ratiba, kisha akasema, "Sasa namkaribisha mfadhili wetu. Mama yangu."

Akampa kipaza sauti. Vidole vyao vikagusana, Mwanaidi akanong'ona, "Mama, nisamehe."

"Usiende mbali," Bi Hamida akamjibu. "Una kazi."

Akasimama.

"Assalamu alaykum. Mimi si msemaji, mimi mpishi. Lakini marehemu Mzee alinifunza, anayetoa hasemi. Akisemewa, basi asemewe na jirani."

"Kweli!" watu wakaitikia.

"Mwanangu Majid mimi nilimsemea siku ya arobaini? Aah, yeye ndiye aliyenisemea mimi. Basi leo zamu yangu. Maana yeye ana haya."

Kicheko kikapita. Majid akatabasamu, akapanga kola ya fulana, akageukia kamera.

"Mnaiona nyumba ile?"

Vichwa mia tatu vikageuka kwa pamoja kuvitazama vigae vya bluu.

"Majid ameitoa. Wakfu kwa ajili ya baba yake. Kuanzia leo ni ya wajawazito wa Kipatimu, wa Mitole, na kila barabara inapokatika. Waje mapema, walale kitandani, wangojee siku zao karibu na hospitali. Ndicho kiapo cha mama yake mzazi. Sheikh, tuombee!"

Hata yule muuza karanga aliacha kuchezesha karatasi zake.

Sheikh Twalib alimtazama Hamida. Akamtazama Majid, ambaye tabasamu lake lilikuwa limebaki usoni limesahauliwa, kama nguo kwenye kamba. Nadhani Sheikh alizikumbuka biriani zake zote, moja moja, na mkono uliozipika. Akasimama. Akainua mikono juu kuliko siku zote.

"Ewe Mola wetu, mkubalie mja wako Majid bin Abdulwahab nyumba hii aliyoitoa..."

"AMINA!"

Huyo alikuwa Klementi. Mkatoliki mzima, ameinua mikono kumzidi Sheikh.

"Mpe pepo ya juu kuliko ghorofa yake..."

"Amina!" Turubai zima.

Majid mikono yake ilikuwa nusu. Si juu wala si chini. Kamera ya Taasisi, aliyoileta kwa gari kutoka Dar, ilikuwa imemwelekea usoni, na taa nyekundu inawaka.

"Na usimfanye miongoni mwa wanaotoa kwa mdomo wakarudisha kwa mkono..."

Hapo ndipo Mwanaidi alipofanya kazi yake. Akasogea hatua mbili, akakiweka kipaza sauti mbele ya mdomo wa Majid, kwa adabu kabisa, kama katibu.

"Amina," akasema Majid.

Ikasikika mpaka stendi. Takbiri tatu, vigelegele, na makondakta wa mabasi ya Lindi wakapiga honi bila kujua wanashangilia nini.

*

Majid alimvuta Bi Hamida nyuma ya turubai.

"Maza, umenimaliza!"

"Mbona mimi sikufa?"

"Maza, tulia, tuyajenge. Karatasi yako hii hapa." Akaitoa mfuko wa nyuma, imekunjwa mara nne, ina jasho. Karatasi yenyewe, si kopi. "Kamata. Wewe rudi pale, sema ulichanganya, umri, presha, chochote. Mimi nyumba yangu, wewe kiwanja chako. Ngoma droo."

"Na wewe utasema ulichanganya?"

"Mimi siwezi. Mimi ni Taasisi."

Bi Hamida akaitazama karatasi ile. Jina la mama yake lilikuwepo, kwa wino wa zamani. Aliyoyafanya yote tangu Jumatano alikuwa ameyafanya kwa ajili ya kipande kile. Neno moja tu la uongo kwenye kipaza sauti, na leo analala kwake, na ndoo zake mbili, na amani yake. Akanyoosha mkono. Vidole vikaishika karatasi.

"Mfadhili!"

Klementi. Nyuma yake wanawake watatu, matumbo mbele, mabunda kichwani, vumbi jekundu la Kipatimu mpaka kwenye kope.

"Klementi, hawa nani?"

"Uliniambia nije na wanaohusika."

"Mashahidi, Klementi! Nilikwambia watu wa kuitikia amina!"

"Wameitikia pia." Akawageukia. "Si mmeitikia?"

"Tumeitikia," akasema mkubwa wao. "Shikamoo, mama. Tumeambiwa nyumba ipo. Ni ile?"

Wa mwisho, mdogo kuliko wote, alikuwa ameshika kiuno kwa mikono miwili na jasho linamtoka juu ya mdomo. Anaitwa Stefania. Akasema polepole, kama anayeomba radhi:

"Mama, mimi naona siku yangu yenyewe ni hii."

Sasa hapo, mama mwenzangu, ungefanyaje? Karatasi vidoleni, na mwanamke anashikilia kiuno.

Bi Hamida aliiachia karatasi. Akalichukua bunda la Stefania.

"Mwanaidi! Mshike upande ule. Klementi, kimbilia hospitali ukawaambie. Majid, baba, karatasi utaniletea." Akafungua pindo la kanga akatoa ufunguo. "Na ukiileta, ifunike na sahani."

Majid alipouona ule ufunguo, rangi yote ya uso ikamtoka, ikabaki ya fulana.

"Maza, huo umeutoa wapi?"

Hawakumngoja. Wakavuka barabara, Stefania katikati, umma nyuma, vigelegele juu. Majid akawapita mbio, akasimama mlangoni mwa nyumba yake ametanua mikono.

"Usifungue! Maza, nakuomba. Ndani kuna mtu."

Vigelegele vikakatika.

"Mtu gani?" Mwanaidi akauliza. "Si ulisema haijahamiwa?"

Stefania akagumia. Bi Hamida akamsogeza Majid kwa bega, kama alivyokuwa akimsogeza jikoni alipokuwa mtoto anadokoa sambusa.

"Kama ni mtu," akasema, "atatuchemshia maji."

Akaingiza ufunguo. Kabla hajauzungusha, kitasa kikazunguka chenyewe, kutoka ndani.

Mlango ukafunguka. Alisimama mwanamke kijana, mrembo, mnyonge wa uso, tumbo lake la miezi minane limeivuta fulana ya Taasisi mpaka picha ya Majid imepanuka masikio. Mkononi alishika sahani mbili, safi, zimeoshwa, moja imefunika nyingine.

Aliutazama umma wote ule. Akamtazama Bi Hamida, akazitazama kanga zake zenye harufu ya vitunguu vya hoteli, na macho yakamjaa machozi.

"Shikamoo, mama," akasema. "Ndiye wewe unayenipikia? Ahsante kwa ndimu."

Klementi, ambaye alitumwa hospitali na alikuwa bado hajaondoka, akavua kofia.

"Kumbe," akasema, "imeshazinduliwa."